Burundi walichanganya jeshi nusu kwa nusu. Mbona 2015 bado lilipasuka?

#1 Mwana wa Kasulu
Wakuu, salaam.

Nina swali ambalo nimelibeba muda mrefu. Naliweka hapa kwa sababu humu kuna wanajeshi wastaafu, kuna Warundi, na kuna watu wa Kigoma waliokua pamoja na watoto wa wakimbizi.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema jeshi jipya la Burundi lisiwe na zaidi ya asilimia 50 ya askari wa kabila moja. Katiba ya 2005 ikalirudia sharti hilo na ikataja sababu bila kuficha: kuweka mizani, kuzuia mauaji ya kimbari na kuzuia mapinduzi. Wahutu waliotoka msituni kwenye uasi na Watutsi wa jeshi la zamani waliokuwa wakiwawinda wakalala bweni moja, wakala sufuria moja, na kuanzia mwisho wa 2007 wakaenda pamoja Somalia.

Halafu Mei 13, 2015 Jenerali Godefroid Niyombare anatangaza redioni kwamba Rais Nkurunziza ameondolewa madarakani, Rais mwenyewe akiwa Dar kwenye mkutano wa Jumuiya. Askari wakapigana na askari ndani ya Bujumbura.

Ninachodai ni hiki: kuchanganya watu hakuondoi msimamo mkali. Unaweza kuwapanga askari wa kila asili kwenye gwaride moja na chuki ikabaki palepale. Mwenye maelezo mengine aje.

#2 Nyundo ya Mwanza
Swali moja kabla sijachangia. Huyo Niyombare ni Mhutu au Mtutsi?

#3 Mwana wa Kasulu
Mhutu, tena wa CNDD-FDD, chama cha Nkurunziza mwenyewe. Aliwahi kuwa mkuu wa majeshi, kisha mkuu wa usalama wa taifa mpaka alipofukuzwa Februari 2015. Naona unakoelekea.

#4 Nyundo ya Mwanza
Basi umejijibu, mkuu. Niyombare Mhutu wa msituni. Mwenzake Cyrille Ndayirukiye alikuwa Mtutsi wa jeshi la zamani, waziri wa ulinzi wa zamani. Aliyewazuia ni mkuu wa majeshi Prime Niyongabo, Mhutu wa msituni kama Niyombare. Wakubwa waliobaki upande wa serikali nao walikuwa wa pande zote mbili.

Hapo jeshi lilipasuka, lakini halikupasuka kwenye ule ufa wa tangu 1965. Lilipasuka juu ya muhula wa tatu wa Rais. Kwa nchi yenye historia ile, mimi nayaita mafanikio makubwa. Mapinduzi ya Oktoba 1993, siku chache tu baada ya Rais Ndadaye kuuawa na askari, nchi nzima ilikuwa inachinjana. Mwaka 2015 jaribio limeshindwa na mtaani watu hawakukamatana kwa ukabila. Uliza kwa nini.

#5 Mtoto wa Buyenzi
Salama ndugu zangu. Niko hapa hapa Bujumbura.

Nyundo anasema kweli kwa Mei. Aprili na Mei vijana walipoandamana Musaga, Nyakabiga na Cibitoke, polisi walikuwa wanapiga risasi na jeshi likasimama katikati. Niliona kwa macho vijana wakiwashangilia wanajeshi, wakiwaletea maji. Mwanajeshi mmoja namjua, kijana wa kartiye yetu, aliniambia: "Mimi sikuingia jeshi kupiga watoto wa jirani." Huyo ni wa kizazi kilichoingia baada ya 2005.

Mtu aliyeona Machi 1995 hawezi kuamini kama ni nchi moja. Mwaka ule Buyenzi na Bwiza zilisafishwa Wahutu. Vijana wa Sans Échec, kundi la Watutsi wenye silaha, waliingia nyumba kwa nyumba, na jeshi la wakati ule hatukulihesabu kama mlinzi wetu. Kwetu Waswahili ilikuwa shida mara mbili, maana kuna familia baba asili yake Kongo, mama Mha wa Kigoma, bibi Mhutu. Utamweka wapi mtoto huyo?

Lakini Nyundo asisimamie Mei. Yaliyokuja Desemba 2015 na baada yake ni habari nyingine. Nitarudi jioni.

#6 Kisiki
Nimekaa pale, nasubiri jioni.

#7 Bint Ujiji
Asante Mwana wa Kasulu kwa kuleta hili.

Mimi nimezaliwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi kule Tabora. Baba alivuka 1972. Kaka yake mkubwa alikuwa mwanajeshi, Mhutu, na baba alituambia mara moja tu kilichompata: hakuuawa na adui vitani, aliuawa na askari wenzake. Walichukuliwa majina wakaitwa, hawakurudi. Baba hakulizungumza tena mpaka anafariki.

Watu wasome mfululizo wake ndipo waelewe mgao ulitoka wapi. Oktoba 1965 maofisa Wahutu walijaribu mapinduzi, wakanyongwa na kupigwa risasi. Novemba 1966 Micombero, mwanajeshi wa Kitutsi, akauondoa ufalme. Mwaka 1969 msako mwingine wa maofisa Wahutu. Aprili 29, 1972 waasi Wahutu walishambulia kusini, wakaua Watutsi, na hilo tusilifiche. Jibu la jeshi likawa kuua kila Mhutu aliyesoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri, na askari wake lenyewe. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kuvuka 200,000. Baada ya hapo jeshi likawa karibu lote la Watutsi kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo mtu akiniambia hesabu ya vichwa haina maana, namuuliza: jeshi ambalo nusu ya askari ni wa kwetu lingeweza kuita majina ya 1972?

#8 Afande Mstaafu
Poleni sana binti yangu. Mungu amrehemu mzee.

Nitachangia kwa upande wa Tanzania, maana hapa ndipo naona mjadala unakosa kitu. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walitaka mishahara na maofisa Waafrika. Mwalimu alilazimika kuwaita Waingereza waliokuwa wameondoka juzi tu, jambo lililomuuma. Lakini alichofanya baadaye ndicho cha kujifunza: alilivunja jeshi zima. Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ, vijana wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT.

Mimi nimeingia miaka mingi baadaye, ila mfumo ulikuwa uleule. Depo walitupanga makusudi. Kushoto kwangu Mmakonde, kulia Mhaya, mbele yangu kijana wa Pemba. Ukikutwa unaongea kilugha bwenini, asubuhi unaruka kichurachura uwanja mzima. Kulikuwa na kamisaa wa siasa kikosini. Hakuna aliyehesabu makabila kwenye karatasi, na hakuna aliyeulizwa kabila lake ili apande cheo. Burundi waliweka hesabu bila elimu ile, ndiyo maana hesabu haikushika.

#9 Nyundo ya Mwanza
Shikamoo afande. Kwa heshima, hapo kuna mambo mawili.

La kwanza, ile elimu ilikuwa ya chama kimoja. Kulikuwa na matawi ya chama kambini mpaka vyama vingi vilipoingia 1992. Hiyo nayo ni itikadi, ila ni tuliyoizoea.

La pili, Tanzania nayo ilikuwa na njama ya mapinduzi iliyogunduliwa Januari 1983, na wanajeshi walikuwemo kwenye kesi ya uhaini iliyoamuliwa 1985. Kijana wa Pemba kulala karibu na Mhaya hakukuzuia hilo.

#10 Afande Mstaafu
Marahaba. Lakini njama ile ilikuwa ya kabila gani? Ya dini gani? Taja. Walikuwa watu wenye hasira za uchumi na siasa za wakati ule wa foleni za sukari. Umenisaidia hoja badala ya kuivunja.

#11 Wa Lanet
Hapo ndugu zetu wa Tanzania mmegusa na yetu. Wale wa njama ya 1983 wengine walikimbilia Kenya, na Hezekiah Ochuka wetu, aliyeongoza jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, alikuwa amekimbilia kwenu. Novemba 1983 serikali zikabadilishana watu na mpaka ukafunguliwa. Ochuka alinyongwa 1987.

Kwa Kenya nitasema hivi. Waingereza waliajiri jeshi lao la kikoloni, KAR, kwa imani yao ya "makabila ya vita", Wakamba na Wakalenjin mbele. Tulipopata uhuru tulirithi hiyo picha, na kila rais akaongeza watu wa kwao juu. Mwaka 1982 walioasi walikuwa jeshi la anga, vijana waliosoma kuliko askari wa kawaida. Baada ya kushindwa, jeshi la anga zima lilivunjwa. Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege, hakushika bunduki siku ile. Alikaa kizuizini miezi, akatoka bila kazi, na kosa lake kubwa lilikuwa jina lake kuanza na herufi O, kama majina mengi ya Wajaluo. Jirani yake wa kambi, mtu wa kabila lingine aliyefanya kazi ileile, alirudishwa kazini.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 241, ikasema uongozi wa Majeshi uakisi sura ya maeneo na makabila ya Kenya. Sisi hatukuweka asilimia. Tuliweka neno tu, na kila mara wakubwa wanapoteuliwa watu wanahesabu majina magazetini.

#12 Chuma cha Pua
Mnazunguka sana. Mgao wa Burundi wa 60 kwa 40 ndio tatizo. Ukimpa Mhutu 60 jeshini Mtutsi lazima aogope. Nyerere alikosea aliposaini ule mkataba.

#13 Bint Ujiji
Kaka Chuma, 60 kwa 40 ni ya serikali na Bunge. Jeshi ni 50 kwa 50, na Seneti vilevile. Na Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999. Mkataba ulisainiwa Agosti 28, 2000 chini ya usuluhishi wa Mandela.

#14 Kisiki
Chuma amepigwa mbili kwa mpigo. Mwachieni apumue.

#15 Chuma cha Pua
Sawa, 50 kwa 50. Hoja yangu iko palepale: mgao unamfanya kila askari ajue asili ya mwenzake. Lazima iandikwe mahali ndipo ihesabiwe. Angalieni Rwanda. Baada ya 1994 waliwaingiza askari wa lile jeshi la zamani, wakawapitisha kwenye ingando, zile kambi za mafunzo ya umoja, na kabila likafutwa kwenye makaratasi. Marcel Gatsinzi alitoka jeshi la Habyarimana, rais wa kabla ya 1994, akawa waziri wa ulinzi. Paul Rwarakabije alikuwa kamanda wa FDLR, waasi wa Kihutu waliokuwa Kongo, akarudi 2003 akapewa cheo. Hakuna mgao pale.

#16 Wa Lanet
Hilo la Rwanda lina uzito, ila swali la nani anaamua kule juu halijibiwi kwa kufuta kabila kwenye kitambulisho. Burundi walisema "tuhesabiane hadharani". Rwanda walisema "asihesabu mtu". Mimi sijui ni ipi itadumu zaidi, na miaka 30 ni michache kuamua. Ninachojua ni kwamba ukikataza watu kuhesabu, wanahesabu kwa kunong'ona.

#17 Mluguru wa Texas
Wakuu habari. Nimesoma uzi wote, nami nina la kuongeza kutoka jeshi lenye mchanganyiko kuliko yote mliyoyataja.

Niliingia jeshi la Marekani kupitia ule mpango uliofunguliwa 2009 kwa wageni wenye lugha walizozihitaji. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Mpango ulisimama 2016. Kikosini nilikuwa na Wafilipino, Wanaijeria, Wameksiko, weupe wa mashambani na weusi wa Chicago. Truman alipiga marufuku ubaguzi jeshini tangu Julai 26, 1948, kwa hiyo huko kuchanganyana si jambo la jana.

Na bado. Aliyelipua jengo la serikali Oklahoma Aprili 1995 na kuua watu 168, Timothy McVeigh, alikuwa askari wa Vita vya Ghuba, na mshirika wake Terry Nichols walikutana jeshini. Mwaka uleule, Desemba, askari wa Fort Bragg wenye siasa za Kinazi waliwaua mwanamume na mwanamke weusi mjini Fayetteville, kwa rangi yao tu. Novemba 5, 2009 Meja Nidal Hasan, daktari wa akili wa jeshi, aliua watu 13 Fort Hood. Misimamo hii inapingana kabisa, ila sare ni moja.

Niwaambie nilichokiona mwenyewe. Kulikuwa na kijana bwenini kwetu aliyechora mwilini alama ambazo kila mtu alijua maana yake. Aliwaonyesha makuruta video za usiku, za kutukana Wayahudi na weusi. Mbele yangu alikuwa mpole, alinisaidia hata kubeba begi kwenye mwendo wa miguu. Sajenti alijua. Kapteni alijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu kijana alikuwa analenga shabaha kuliko wote na kikosi kilikuwa kinajiandaa kuondoka. Nilipouliza niliambiwa niangalie kazi yangu.

Hasan naye wenzake walikuwa na wasiwasi naye miaka kabla, na bado Mei 2009 alipandishwa cheo kuwa meja. Kwa hiyo mimi sibishani juu ya mgao. Nasema wakubwa hunyamaza askari akiwa na manufaa kwao, au wakiogopa usumbufu wa kuandika ripoti.

#18 Mwana wa Kasulu
Asante sana Mluguru. Hili la kunyamaza sikuwa nimeliweka kwenye mizani. Swali: serikali yao ilifanya nini?

#19 Mluguru wa Texas
Baada ya Januari 6, 2021, ilipoonekana kwamba miongoni mwa walioshitakiwa kwa kuvamia Bunge wamo wastaafu wa jeshi na wachache walio kazini, Waziri Lloyd Austin aliagiza vikosi vyote visimamishe kazi siku moja ndani ya siku 60 kujadili itikadi kali. Kwetu ilikuwa mchana mmoja ukumbini, picha ukutani, maswali mawili matatu, tukaondoka. Ripoti iliyotolewa Desemba 2023 ikasema hawakuona ushahidi kwamba wenye itikadi kali ni wengi jeshini kuliko walivyo kwenye jamii ya kawaida. Mwaka 2025 utawala mpya ukafuta programu za utofauti jeshini, na Jenerali C.Q. Brown, mweusi aliyekuwa mkuu wa majeshi yote, akaondolewa Februari.

Hata hiyo ripoti sikuifurahia sana. Wachache wenye silaha na mafunzo si sawa na wachache wasio nayo.

#20 Nyundo ya Mwanza
Ujerumani nao 2020 walivunja kombania nzima ya kikosi chao maalumu cha KSK kwa siasa za Kinazi. Hicho hakikuwa kikosi cha mchanganyiko. Kwa hiyo tuna jeshi la mchanganyiko lenye wenye itikadi kali na lisilo la mchanganyiko lenye wenye itikadi kali. Mchanganyiko peke yake hautuambii kitu.

#21 Mama Pili
Samahani kuingilia mada ya wanaume. Mnazungumza makabila, rangi, dini. Mke wa askari anaangalia bahasha. Kaka yangu alioa Mrundi, shemeji yake alikuwa Somalia na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Umoja wa Afrika ulikuwa unalipa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi kabla serikali kukata chake. Kwa Mrundi hiyo ni nyumba ya matofali. Kijana aliniambia hakuna aliyekuwa tayari kuchafua nafasi ile kwa sababu ya ukabila. Mkikosana kambini, jina linakatwa kwenye orodha ya safari.

Hayo mnayoyaita maridhiano, nusu yake ni posho.

#22 Kisiki
Mama Pili, mada si ya wanaume. Bandiko lako ndilo la kwanza lililonifanya nikae vizuri.

#23 Afande Mstaafu
Nakubaliana na Mama Pili kwa sehemu. Hata 1964 chanzo kilikuwa mshahara. Lakini posho haielezi kwa nini mtu anaacha mwenzake asiuawe. Nimekuwa mlinda amani, nimeona. Usiku mkishambuliwa hakuna anayekumbuka dola. Juni 2015 Leego, Somalia, Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Warundi wakaua makumi, wiki chache tu baada ya mapinduzi kushindwa Bujumbura, waliokufa walikufa pamoja bila kujali mgao.

#24 Mtoto wa Buyenzi
Nimerudi, samahani umeme.

Sasa Desemba. Usiku wa kuamkia Desemba 11, 2015 kambi zilishambuliwa hapa mjini, Ngagara na chuo cha maofisa ISCAM kule Musaga. Kesho yake asubuhi maiti za vijana zilikuwa barabarani Nyakabiga na Musaga, wengine wamefungwa mikono. Kuanzia hapo ule ukuta wa jeshi kati ya polisi na raia haukuwepo tena. Gaciyubwenge, aliyekuwa waziri wa ulinzi mpaka Mei, alikuwa ameshatoka nchini. Mashirika ya haki za binadamu yakaandika juu ya maofisa wa lile jeshi la zamani kukamatwa, kupotea, kuuawa, wengi wao Watutsi. Kanali Bikomagu, aliyekuwa mkuu wa majeshi 1993, aliuawa getini kwake Agosti. Jenerali Adolphe Nshimirimana wa upande wa pili aliuawa wiki mbili kabla yake. Kila upande ukawa unalipiza.

Nyundo, Mei jeshi lilipasuka kisiasa. Lakini baada ya Mei, wenye nguvu walianza kusoma tena ile hesabu: huyu alitoka wapi, alikuwa kikosi gani kabla ya 2004. Mgao ulibaki 50 kwa 50 kwenye karatasi. Waliobaki ndani ya ile 50 ndio walibadilika.

Na lingine watu hawasemi. Micombero, Bagaza na Buyoya, marais watatu wanajeshi mfululizo, wote walitoka komini moja ya Rutovu, mkoa wa Bururi wa wakati ule. Mwaka 1971 Watutsi wa kaskazini walishitakiwa na Watutsi wa Bururi, wakahukumiwa kifo kabla ya kubadilishiwa adhabu. Kwa hiyo hata jeshi la Watutsi watupu halikuwa moja. Mgao wa Arusha uliona kabila tu, haukuona mkoa.

#25 Nyundo ya Mwanza
Mtoto wa Buyenzi, nimekusoma, na la Rutovu ni zito. Lakini niongeze utafiti mmoja. Mwanazuoni Cyrus Samii alichapisha 2013 matokeo ya kuwahoji wanajeshi wa Burundi waliounganishwa na wale ambao hawakuingia kwenye jeshi la mchanganyiko. Alikuta waliochanganywa wana chuki kidogo kuliko wengine, na mgao haukuwafanya wafikirie ukabila zaidi. Hii inampinga Chuma moja kwa moja.

#26 Chuma cha Pua
Waliohojiwa ni kabla ya 2015. Awaulize tena leo.

#27 Bint Ujiji
Hapo Chuma una hoja.

Lakini mimi narudi kwa Mluguru, bandiko la 17. Kwangu ndilo lililokaribia zaidi. Ndadaye aliuawa Oktoba 21, 1993 na askari waliokuwa na wajibu wa kumlinda. Kesi ilipofika mwisho 1999, waliohukumiwa vizito walikuwa wa vyeo vya chini, wakubwa wakaachiwa. Buyoya alihukumiwa maisha Oktoba 2020 bila kuwepo mahakamani, akafariki Desemba ileile. Waliomuua baba yangu mkubwa 1972 hawakuitwa na mtu. Mwanajeshi anayeona haya yote anajifunza kwamba ukiua kwa ajili ya kundi lako, kundi litakuficha. Ukichanganya makundi bila kuadhibu, unampa kila mmoja wa kumficha.

#28 Wa Lanet
Nakubali, lakini adhabu nayo ina hatari yake, dada. Mjomba wangu aliadhibiwa. Adhabu ya kundi zima nayo ni mbegu ya chuki. Nani ataadhibu bila kuangalia jina?

#29 Mwana wa Kasulu
Wakuu, nashukuru. Niliingia na jibu moja, sasa yako matano mezani: mgao, elimu, posho, kunyamaza kwa wakubwa na kutoadhibu. Mimi bado sijashawishika kwamba mgao ulifanya kazi kubwa, ila siwezi tena kusema haukufanya kitu.

Mtoto wa Buyenzi, nisaidie moja. Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano kuamua kama migao ya kikabila iendelee. Huko mtaani watu wanataka nini?

#30 Mtoto wa Buyenzi
Mkuu, inategemea unamuuliza nani. Vijana waliozaliwa baada ya vita, wengi wanasema waondoe, wanataka kazi kwa cheti. Wazazi wao wa Kihutu wengine wanasema sasa tuna serikali, mgao wa nini. Watutsi ninaowajua, hasa wajane wa wanajeshi, wanasema mkiondoa hiyo 50 jeshini hatutalala.

Lakini angalia jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja. Waliotoka msituni na waliotoka jeshi la zamani wanazeeka, wanastaafu. Mwenye umri wa kapteni na meja sasa ni yule aliyeingia ISCAM baada ya 2005, ambaye hakuwahi kuwa upande wowote wa vita, amesoma darasa moja na mwenzake na kula naye miaka minne. Yule kijana wa kartiye yetu niliyemtaja juu ni mmoja wao. Alikamatwa 2016, akakaa ndani, akatoka, yuko bado jeshini. Nikimuuliza kabila la wakubwa wake hanijibu. Nikimuuliza wa darasa lake, ananitajia mmoja mmoja, nani yuko Gitega, nani alikwenda Somalia, nani alikimbilia Kigali.

#31 Mluguru wa Texas
Hao waliokimbilia Kigali wakirudi watarudishiwa vyeo?

#32 Mtoto wa Buyenzi
Waliorudi ninaowajua hawakurudishiwa. Mmoja anauza vipuri vya pikipiki hapa Buyenzi.